Jumapili Niliyosikia Jina la Jenoveva

Juzi mwanangu aliniletea rimoti ya televisheni, akasema imekufa. Nilipofungua kifuniko cha nyuma nikakuta betri zimevuja, zimeota ukungu mweupe, na harufu yake ikanipanda puani: harufu ya kutu na chumvi, na ya kitu kilichokaa gizani muda mrefu. Mtoto alinisubiri nimpe jibu. Mimi nilikuwa nimeshafika Kasulu, kwenye kijiji chetu kilichokuwa juu ya barabara ya Kabanga, nikiwa na miaka tisa na wivu mkubwa kuliko mwili wangu.

Sisi hatukuziita betri. Tuliziita mawe. Redio ya Baba ilikula mawe sita, na mawe hayo yalitunzwa kama mayai ya kuku anayeatamia. Yakianza kuchoka tuliyaanika juani kwenye ungo, tukiyageuza kila baada ya muda ili yashike joto pande zote. Yakichoka zaidi, Baba aliyang'ata kwa meno ya pembeni, moja baada ya jingine, na kweli yalitoa sauti ya siku mbili nyingine. Yakifa kabisa, mwalimu wetu aliomba ule unga mweusi wa ndani, akauchanganya na majani yaliyotwangwa, tukapaka ubao wa darasani.

Redio yenyewe Baba alirudi nayo kutoka Tanga, alikokwenda kukata mkonge akiwa kijana, kama walivyofanya wanaume wengi wa Uha. Kabla yake kijiji kilikuwa na redio moja tu, ya misheni, nayo haikusikilizwa na kila mtu. Mama alinisimulia kwamba wakati wa vita vya Uganda, mimi bado sijazaliwa, uwanja wetu ulijaa watu kila jioni, wengine wametembea kutoka ng'ambo ya bonde. Tangu hapo Baba aliitwa Mzee Redio. Bibi yetu, mpaka anaingia kaburini, alimwitikia mtangazaji kila alipowasalimu wasikilizaji, na akamlaumu kwamba hangoji kuulizwa hali yake.

Nilipopata akili, redio nyingine zilikuwepo, moja ikiwa dukani kwa Mzee Sefu pale njia panda. Mzee Sefu alikuwa na ndugu Ujiji na wengine pwani, na alituapia kwamba huko Dar sasa kuna vituo vipya vya watu binafsi, muziki mchana kutwa, na kwamba watu wanakaa sebuleni wakitazama picha zinazotembea. Hatukubishana naye, wala hatukumwamini sana. Sisi tulikuwa na redio. Na pale nyumbani, redio ilikuwa yangu.

Nasema yangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kitinda mimba, na kazi ya kitinda mimba ilikuwa kushika waya. Antena ya redio ilivunjika zamani, Baba akaunga waya uliopita dirishani mpaka kwenye mkaratusi wa nje. Kituo kikianza kukimbia, mtu alipaswa kuushika waya kwa vidole na kuinua mkono, sauti ikarudi. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikaa kwenye kigoda kando ya goti la Baba, mkono juu, na taarifa ya habari ilipita mwilini mwangu kabla ya kumfikia mtu mwingine yeyote. Ndivyo nilivyoamini. Wageni wakija, Baba aliwaambia, "Bila Devota hatusikii kitu."

Halafu akaja Jenoveva.

Ulikuwa mwaka ule watu walipovuka mpaka kwa makundi kutoka Burundi, wakipita na magodoro vichwani na kuku mikononi. Wengi walipelekwa kambini, lakini siku za mwanzo kanisa letu lilijaa, na katekista akaomba familia zichukue watoto waliopotezana na wazazi wao. Mama alikwenda kusali, akarudi na msichana wa miaka kumi na mmoja, mrefu, mwenye shingo ndefu na gauni lililochanika begani. Kirundi chake na Kiha chetu ni kama watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, kwa hiyo siku ya kwanza tu alikuwa anazungumza na kila mtu. Alijua kusuka ukili. Alijua kuhesabu kwa Kifaransa mpaka mia. Akipika ugali wa muhogo haukuwa na buje hata moja. Mama alisema, "Mungu amenipa binti." Mimi nilikuwa nimekaa palepale, napukuchua mahindi.

Hayo ningeyavumilia. Lakini jioni moja Baba alikuwa akitafuta kituo, Jenoveva akasema kwa upole, "Baba, hapo ukirudisha kidogo utapata Bujumbura. Alasiri saa kumi wanasoma majina."

"Majina gani?"

"Ya watu waliopotezana. Tulikuwa tukisikia njiani."

Siku iliyofuata saa kumi Baba aliniambia, "Devota, mpishe mwenzako akae hapo. Yeye ana sababu."

Nikahama. Nilikwenda kukaa kwenye mkeka pamoja na dada zangu, nikamtazama Jenoveva akikaa kwenye kigoda changu, kando ya goti la baba yangu, mkono wake mrefu juu ya waya wangu. Sauti ilikuwa safi kuliko nilipokuwa naushika mimi. Mtangazaji alisoma taratibu, kwa sauti ya mtu anayehesabu mbegu: fulani, mwana wa fulani, wa kilima fulani, nyina aramurondera, mama yake anamtafuta. Fulani, mke wa fulani, kaka yake anamtafuta. Kila jina likisomwa, Jenoveva aliinamisha kichwa kidogo. Baba naye. Nyumba nzima ilinyamaza kama kanisani wakati wa kengele.

Watu wa rika langu mtanielewa nikisema kwamba jina kusomwa redioni lilikuwa jambo kubwa. Tulisikia salamu za wenzetu wa Mwanza na Dodoma, majina yakimiminika, nasi hatukuwemo. Basi kwenye akili yangu ya miaka tisa, mambo yalijipanga hivi: mtu aliyepotea anatafutwa, anayetafutwa anasomwa, na anayesomwa anajulikana na dunia nzima. Kutafutwa kilikuwa cheo. Jenoveva alikuwa nacho, angoje tu siku yake. Mimi sikuwa nacho, kwa sababu hakuna aliyekuwa amenipoteza.

Nilijaribu kurekebisha hilo. Siku moja baada ya chakula cha mchana niliingia kwenye shamba la muhogo, nikalala kifudifudi kati ya matuta, nikasubiri kutafutwa. Nilisikia watu wakipita njiani. Nilisikia Mama akicheka na Jenoveva wakipepeta maharage. Sisimizi walinitambaa miguuni. Nilimngoja mtu wa kuita "Devota!" kwa sauti ya hofu, mpaka jua likalala na njaa ikaniuma. Nilipojitokeza uani, Mama aliinua macho kwenye ungo wake.

"Ulikuwa wapi? Nenda kalete kuni."

Usiku huo sikumpa Jenoveva nafasi kwenye blanketi. Hakugombana nami. Alijikunja kwenye pindo lililobaki, akalala. Hata huko kutogombana nilikuonea wivu.

Wiki zilipita, majina yakasomwa, lake halikutajwa. Nilianza kutulia. Nilijiambia labda mama yake hayupo, na nikajikuta nafurahi kidogo, kisha nikaogopa furaha hiyo, kisha nikaizoea.

Ikaja Jumapili moja ambayo Baba na Mama walikwenda msibani Kabanga, dada zangu wakafuatana nao. Tulibaki wawili. Muhogo ulikuwa lazima ulowekwe siku hiyohiyo, la sivyo ungeharibika, na mtoni ni mbali. Jenoveva aliliangalia jua, akaiangalia redio.

"Devota," akasema, "saa kumi itanikuta mtoni. Unisikilizie."

"Sawa."

"Nyamaza kabisa wakati wanasoma. Wakisoma 'Jenoveva wa Melania', ndiye mimi. Mama anaitwa Melania."

"Najua. Nenda."

Nilikaa kwenye kigoda changu, nikashika waya, nikainua mkono. Nyumba ilikuwa tupu, jua la alasiri limeingia mpaka katikati ya sakafu. Nilifurahi sana kurudi pale. Majina yalianza. Nilisikiliza nusu nusu, nikijifanya Baba yupo. Ndipo mtangazaji, kwa sauti ileile ya kuhesabu mbegu, akasema: Jenoveva, mwana wa Melania. Akataja kilima. Nyina aramurondera. Yuko kambini, Kibondo, pamoja na mdogo wake Bosko.

Nilihisi jina lile likipita kwenye mkono wangu, likashuka kifuani, likakaa. Lilikuwa limenipita mimi na halikuwa langu. Nilingoja, sijui nilingoja nini. Nadhani nilitaka mtangazaji aongeze: na Devota, aliyeshika waya. Akasoma jina la mtu mwingine.

Jenoveva alirudi anakimbia, beseni kichwani, maji yakimtiririka shingoni.

"Wamesoma?"

"Wamesoma."

"Wakasema nani?"

"Watu wengine."

Alitua beseni. Akakaa kizingitini, akavuta pumzi ndefu. "Kesho, basi," akasema.

Nami nilijua kwamba kesho wangelirudia, kwa maana kila jina lilisomwa siku tatu. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya shule, nilifungua mgongo wa redio, nikatoa mawe mawili, nikayatumbukiza chooni. Nilisikia yalivyoanguka. Nikaenda shuleni, nikaimba na wenzangu, na nilipoulizwa jedwali la saba nililijibu lote.

Alasiri redio ikawa kimya. Baba alifungua, akaona nafasi mbili tupu. Hakupiga kelele. Aliuliza mmoja mmoja, na kila mmoja akasema hajui. Shangazi, dada yake Baba, aliyekuwa amekuja kutusaidia kupalilia, ndiye aliyesema kile ambacho sikuthubutu kukisema.

"Kaka, humu ndani wote ni wako isipokuwa mmoja. Mtoto wa watu huyo. Hujui alichojifunza njiani."

Jenoveva alikuwa anachochea moto. Aligeuka na mwiko mkononi. "Shangazi, mimi ndiye niyaondoe?" akauliza. "Mimi?"

Swali lile lilikuwa na jibu ndani yake, mtu mzima yeyote angeliona. Shangazi hakuliona, na Baba, naamini, hakutaka kumpinga dada yake mbele ya watoto. Alisema tu, "Mawe mengine tutapata tukivuna." Basi.

Kuanzia Jumatano, kwa siku kadhaa, Jenoveva alitembea mpaka dukani kwa Mzee Sefu ifikapo saa kumi, kumwomba amfungulie Bujumbura. Mzee Sefu alikubali, lakini siku tatu za jina lake zilikuwa zimekwisha. Alirudi, akaacha kwenda. Kilichofuata ndicho kilichonivunja. Kila saa kumi alikuja kukaa kwenye kigoda mbele ya redio iliyokufa, akashika waya, akainua mkono. Hakuna sauti iliyotoka. Alikaa hivyo muda ambao majina yangesomwa, kisha akashusha mkono na kwenda kuchota maji. Alikuwa amehama chumbani kwetu, analala jikoni, maana Shangazi alimkataza kulala karibu na vitu.

Nami bado nilimwonea wivu. Naliandika kwa sababu ni kweli. Nilimtazama ameshika waya usio na kitu na nikawaza: hata redio iliyokufa anaisikiliza vizuri kuliko mimi. Wivu na huruma vilikaa pamoja tumboni kama chakula cha moto na maji ya baridi, nikawa naumwa kweli. Mama alinipa dawa ya minyoo.

Wiki ya tatu nilimfuata Baba kwenye shamba la maharage. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama nyuma yake ili nisimwone uso. Jembe lake lilisimama hewani, likashuka polepole, likalala chini.

"Mama yake umesikia anaitwaje?"

"Melania."

"Yuko wapi?"

"Kambini. Kibondo. Na mdogo wake, Bosko."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliketi kwenye tuta, akaondoa udongo kwenye vidole vya miguu, kidole kimoja kimoja.

"Jenoveva nitamwambia kwamba habari zimefika," akasema mwishowe. "Zimefikaje, hilo sitamwambia mimi. Na utakwenda nasi. Utakwenda kuona ulichokificha."

Tulipanda lori la maharage, watatu juu ya magunia, vumbi jekundu likatufanya wote tufanane. Tulipita Busunzu mvua ikinyunya. Jenoveva alikuwa ameoga mara mbili kabla ya kuondoka, na Mama alimpa gauni langu la Pasaka, lililokuwa fupi kwake, na ambalo lilimpendeza kuliko lilivyowahi kunipendeza. Njia nzima alinishika mkono. Alidhani natetemeka kwa baridi.

Kambini kulikuwa na mahema ya turubai mpaka macho yalipoishia, moshi, foleni ya madumu kwenye bomba. Mtu mwenye daftari alituuliza majina kwa Kiswahili cha Kongo, akatuonyesha mstari. Baba alitangulia akiita kila hema, "Mama Melania! Mama Melania!" Mwanamke mdogo mwembamba, aliyekuwa anachambua mahindi, akainua kichwa.

Sikuwahi kuona mtu akitazamwa vile. Hakulia. Alimshika Jenoveva uso, akamfungua mdomo akaangalia meno, akageuza masikio, akahesabu vidole, kama anakagua mzigo uliotumwa kutoka mbali kuona kama umepungua. Kisha ndipo akaketi chini palepale. Mimi nilisimama kando na mfuko wa unga tuliomletea, na wivu uleule wa zamani ukanirudia, mkali kuliko siku zote. Mama yangu hakuwahi kunihesabu vidole.

"Bosko yuko wapi?" Jenoveva akauliza.

Melania alimjibu huku ameshika mkono wake. Bosko aliugua tumbo. Walimzika Alhamisi ya wiki iliyopita. Alikuwa akimwulizia dada yake mpaka sauti ilipokwisha.

Baba alivua kofia. Alipoulizwa tulipataje habari, aliniwekea mkono begani na kusema, "Huyu hapa ndiye aliyelisikia jina redioni." Na Melania, aliyekuwa bado chini, alinivuta akanikumbatia, akaniuliza ninaitwa nani, akalirudia jina langu mara tatu kwa sauti ili majirani wa hemani walisikie. "Devota. Devota. Devota. Imana iguhezagire," Mungu akubariki. Watu walikuja kunitazama. Mwanamke mmoja alinigusa kichwa. Nilikuwa nimepata nilichokitaka siku zote hizo, na nilitaka ardhi inifunike.

Nilimkuta Jenoveva nyuma ya hema, anakunja gauni langu, ameshavaa kitenge cha mama yake.

"Nililisikia mapema," nikamwambia. "Sikukwambia. Na mawe niliyatupa mimi."

"Siku gani ulilisikia?"

"Jumapili. Ile uliyokwenda mtoni."

Alitazama chini. Nikaona midomo yake ikihesabu, na vidole vikigusana kimoja baada ya kingine. Alihesabu polepole, akarudia ili asikosee.

"Siku hiyo alikuwa mzima," akasema.

Nilingoja kofi. Kutoka ndani ya hema mama yake aliita, "Jenoveva!" kwa sauti ile ya hofu niliyoitamani kule kwenye matuta ya muhogo.

"Ndaje," akaitikia, nakuja. Akaniwekea gauni mikononi. "Usimwambie Mama. Ameniona leo. Mwache." Akaingia ndani.

Jioni tulirudi barabarani kungoja lori. Tulikaa juu ya magogo yaliyopangwa kando ya barabara, ndipo Baba akaniuliza.

"Umemwambia?"

"Ndiyo."

"Amesemaje?"

"Amesema nisimwambie mama yake."

Baba alitikisa kichwa taratibu, akatazama upande wa kambi, moshi ulikokuwa unapanda. "Basi tumekuwa watatu tunaojua," akasema.

Miaka ilipita, wakarudishwa kwao, tukapotezana. Melania kabla hajaondoka alitutumia salamu kwa kila msafiri, akitaja jina langu kabla ya la Baba. Baba sasa ni marehemu, na neno lile hakulitoa, hata kwa Mama. Tumebaki wawili tunaojua, na mwenzangu sijui yuko kilima gani. Sijawahi kumtafuta. Kila nikitaka kuanza, nawaza kwamba nitapaswa kumpa mtu jina lake alisome kwa sauti, na mkono wangu unashuka.